Airisi zinazochanua zaidi ya mara moja: namna ya kuzitafuta na kuzichagua kwa maeneo ya baridi

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wana kwao pengine. Hapa Kiwalani utakutana na watu wa Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto na Moshi, na wanapokwenda nyumbani wengi hupenda kubeba mche wa ua, wa kupendezesha boma au kupanda kwenye kaburi la mzazi. Mche hununuliwa kando ya barabara ukiwa umechanua vizuri, hupakiwa kwenye basi kule Kituo cha Magufuli, Mbezi, na mwaka unaofuata mwenyewe akirudi hukuta majani matupu au kijiti kikavu.

Ua linalowasumbua watu sana kwa namna hiyo ni airisi. Linavutia, linadumu miaka mingi likitunzwa, na lina aina zinazochanua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Lakini ukilinunua kwa kutazama ua peke yake, unaweza kulipia mmea ambao hautachanua tena. Katika makala hii tunaeleza airisi ni nini, kuchanua tena maana yake nini, zipi zinafaa kwenye baridi ya kwetu, na mambo ya kukagua kabla hujatoa pesa.

Airisi ni ua gani

Airisi ni mmea wa majani marefu, bapa, yaliyochongoka kama upanga. Majani hayo hujipanga kama pepeo lililofunguliwa. Katikati hutoka shina la maua. Ua lenyewe kwa kawaida lina petali tatu zinazosimama na tatu zinazoinama. Jina limetoka kwa Wagiriki wa kale, ambao waliuita hivyo upinde wa mvua na mungu wao wa kike aliyehusishwa nao, kwa sababu rangi za ua hili ni nyingi: nyeupe, manjano, zambarau, buluu, kahawia, na nyingine zilizochanganyika.

Airisi wanazoziita za ndevu, kwa sababu ya manyoya mafupi juu ya petali zinazoinama, ndizo zinazoonekana zaidi kwenye picha za mtandaoni. Hizi asili yake ni Ulaya na Asia, sehemu zenye majira ya baridi kali. Hapa Tanzania hazioti porini. Lakini ukoo wake mkubwa una ndugu wengi Afrika, na baadhi yao ni wenyeji wa nchi yetu. Tutarudi kwa ndugu hao, kwa sababu kwa wasikilizaji wengi wao ndio jibu zuri zaidi.

"Kuchanua tena" maana yake nini

Ukitaka kuielewa airisi ya ndevu, fikiria mgomba. Mgomba ukishatoa mkungu haurudii kuzaa. Kazi yake imekwisha, na watoto waliochipua pembeni ndio wanaofuata. Airisi ya ndevu iko hivyo hivyo. Chini ya kila pepeo la majani kuna shina nene linalolala ardhini, linalofanana na tangawizi. Pepeo likishatoa maua, lile halichanui tena. Pembeni ya shina lake hutoka watoto, na watoto wakikomaa ndio wanaochanua.

Airisi ya kawaida huchukua karibu mwaka mzima kukomaza watoto wake, kwa hiyo huchanua mara moja tu, wiki mbili au tatu, ikaisha. Airisi inayochanua tena ni ile ambayo watoto wake hukua haraka, wakapata nguvu ya kutoa maua ndani ya mwaka ule ule. Haina muujiza wowote zaidi ya huo.

Kutokana na hilo tunapata mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, mche uliochanua dukani lakini hauna watoto pembeni ni sawa na mgomba uliokatwa mkungu: unalipia kilichokwisha. La pili, watoto hawakui haraka bila chakula na maji. Airisi ya kuchanua tena ikipandwa mahali pakavu, pasipo mboji na bila kumwagiliwa, itarudi kuwa airisi ya mara moja kwa mwaka.

Baridi inasaidia au inaharibu?

Vyote viwili. Airisi nyingi za ndevu zinahitaji wiki kadhaa za baridi ili ziweze kutoa maua. Hapa Kiwalani na mitaa ya jirani, hata usiku wa Julai joto kwa kawaida hubaki karibu nyuzi 18 au 19 za Selsiasi. Baridi hiyo haitoshi. Kwa hiyo mkazi wa pwani anaweza kuona majani mazuri tu, miaka na miaka, bila ua.

Makete, Njombe, maeneo ya juu ya Mbeya, Mufindi na milima ya Lushoto hali ni nyingine. Huko usiku wa Juni hadi Agosti ni baridi ya kweli, na kwenye uwanda wa Kitulo, ulio takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, joto hushuka hadi sifuri na chini yake. Sakitu, ile barafu nyembamba inayolala juu ya majani alfajiri, ni jambo la kawaida. Airisi ya ndevu haiogopi sakitu, kwa kuwa imetokea kwenye nchi za theluji.

Kinachoiua airisi ya ndevu nyanda za juu ni mvua. Kwao Njombe na Mbeya mvua huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na shina lile la chini likikaa kwenye maji miezi sita huoza. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "airisi yangu imekufa na baridi", muulize kwanza kama aliipanda bondeni au kwenye tuta.

Aina nne za kufikiria

*Airisi ya ndevu inayochanua tena.* Hii inamfaa mtu wa sehemu yenye baridi, mwenye jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Wazalishaji wa Marekani ndio waliofanya kazi kubwa ya kuchanganya aina hizi. Moja inayotajwa sana ni Immortality, nyeupe, iliyotolewa na Lloyd Zurbrigg mwaka 1982, ambayo imejulikana kwa kuchanua tena hata kwenye majimbo ya baridi. Kwenye orodha za wauzaji wa nje utaona herufi RE mbele ya jina. Maana yake ni kwamba aina hiyo imeshaonekana ikichanua tena mahali fulani. Haina maana kwamba itachanua tena kwako. Njia ya uhakika ni kuiona kwa mtu wa wilaya yako.

*Ndugu wa Kiafrika, Dietes.* Huyu wataalamu humwita Dietes iridioides, na huota porini kuanzia Ethiopia, kupitia Afrika Mashariki, hadi Afrika Kusini, mara nyingi pembezoni mwa misitu. Majani yake hubaki kijani mwaka mzima. Ua ni jeupe, lina doa la manjano na katikati lina rangi ya zambarau. Kila ua hufunguka siku moja tu, lakini hutoka kwa mikupuo mara nyingi kwa mwaka. Tofauti yake kubwa na airisi ya ndevu ni kwamba shina lake la maua haliishi kazi: shina lile lile hutoa maua tena na tena, hata miaka. Kwa hiyo usilikate likiwa bado kijani. Huvumilia ukame, kivuli cha nusu siku na sakitu nyepesi.

Dietes ana ndugu wawili kutoka Afrika Kusini wanaopandwa sana kwenye bustani. Dietes bicolor ana ua la manjano hafifu lenye madoa meusi ya kahawia. Dietes grandiflora ana ua jeupe kubwa zaidi, ambalo hukaa karibu siku tatu.

*Gladioli.* Huyu ni wa ukoo wa airisi, na wenyeji wake wamo humu humu nchini. Gladiolus dalenii, wa rangi ya chungwa na nyekundu, huota porini sehemu nyingi za Tanzania na ni mmoja wa wazazi wa gladioli za bustani za dunia nzima. Kila kitunguu chake huchanua mara moja kwa msimu, kwa hiyo si ua la kuchanua tena. Lakini unaweza kulifanya lionekane hivyo: panda vitunguu vichache leo, vingine baada ya wiki mbili, vingine baada ya wiki mbili tena. Kwa kuwa huchukua takriban miezi mitatu kutoa maua, utakuwa na maua mfululizo kwa muda mrefu. Kwa anayetaka maua ya kanisani au ya kuuza, hii ndiyo njia rahisi.

*Neomarica.* Ua hili lilitoka Amerika Kusini. Ni la ukoo huu huu, lakini linapenda joto na kivuli. Tunalitaja kwa ajili ya wasikilizaji wa Dar es Salaam na pwani wanaotamani airisi na hawawezi kuipata baridi. Usilipeleke Makete, sakitu italimaliza.

Pa kuzitafuta

Anzia karibu na utakapopanda. Mmea uliokwisha kuishi miaka mitano kwenye boma la jirani, ukachanua mara mbili kwa mwaka, umeshajibu maswali yote ambayo muuzaji wa mbali hawezi kuyajibu. Misheni za zamani, nyumba za mashamba ya chai na shule kongwe za nyanda za juu mara nyingi zina bustani za miaka mingi. Nenda kwa adabu, uliza kwa mtunza bustani mwenyewe: linachanua miezi gani? Limeshachanua mara ngapi mwaka huu? Mnaligawa lini? Airisi ikijazana hulazimika kugawanywa kila baada ya miaka mitatu au minne, kwa hiyo kuomba au kununua vipande wakati huo hakumharibii mtu bustani.

Hatua ya pili ni vitalu vya mikoa ya baridi, kama Mbeya, Iringa, Njombe, Lushoto na Arusha. Mche uliokulia huko umeshazoea. Ukinunua Dar es Salaam, nunua Dietes kwanza, kwa kuwa huyo anavumilia kuhamishwa kutoka joto kwenda baridi.

Kuhusu kuagiza nje ya nchi, mimea haiingii kiholela. Mwenye dhamana ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Unahitaji kibali cha kuingiza kabla mzigo haujasafirishwa, na mzigo uje na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Ndugu yako aliye Ulaya akikuahidi kukuletea kipande ndani ya begi, mwambie asifanye hivyo. Mzigo unaweza kuzuiwa na kuharibiwa, na ukipita na ugonjwa, hasara si yako peke yako.

Mwisho ni mtandao wa simu. Utaona picha za airisi nyeusi tii au zenye rangi zote za upinde wa mvua katika ua moja, na pakiti za mbegu zake. Pita mbali. Aina za airisi za ndevu huendelezwa kwa kugawa shina. Mbegu yake haitoi ua linalofanana na la mzazi, na huchukua miaka miwili au mitatu hadi kuchanua. Anayekuuzia mbegu kwa picha anajua kwamba wakati ua linatoka, namba yake ya simu itakuwa haipatikani.

Kagua haya kabla hujalipa

1. Tazama chini kabla ya juu. Hesabu watoto pembeni ya shina. Chukua lenye watoto wawili au zaidi, hata kama halina ua.
2. Bonyeza shina kwa kidole gumba. Liwe gumu kama tangawizi mbichi. Likibonyea au likinuka uozo, liache.
3. Uliza lilikulia wapi na limekaa hapo muda gani. Jibu la "limetoka mkoani" halitoshi. Mkoa gani, wilaya gani?
4. Uliza limechanua miezi gani. Muuzaji anayelijua atakutajia. Asiyelijua atasema "linachanua muda wote".
5. Kwa Dietes, tazama mashina ya maua ya zamani. Yakiwa na makovu ya maua yaliyopita na machipukizi mapya juu yake, huyo ndiye.
6. Omba picha ya mmea wenyewe ukiwa na maua, iliyopigwa hapo hapo kwenye kitalu, hasa ukinunua kwa simu.

Safari na kupanda

Airisi ya ndevu husafiri vizuri bila udongo. Punguza majani yabaki kama urefu wa shubiri, funga shina kwenye gazeti kavu, weka kwenye boksi lenye matundu. Usilifunge kwenye mfuko wa nailoni, litaoza kabla ya Makambako. Dietes asafiri na udongo wake kwenye kiriba, akiwa amemwagiliwa siku moja kabla.

Ukifika, usipande siku ile ile mche uliotoka pwani. Uweke barazani wiki mbili, upate jua la asubuhi na hewa ya baridi, lakini usilale nje kwenye sakitu. Mmea uliokulia kwenye joto unahitaji kuzoea taratibu.

Kwa airisi ya ndevu, nyanda za juu kusini, panda mvua zinapopungua, Aprili hadi Mei. Lushoto na Moshi, subiri masika yaishe. Inua tuta, chagua mahali panapopata jua angalau saa sita kwa siku, changanya mboji iliyooza vizuri. Samadi mbichi ni adui. Hutoa majani mengi na kuleta uozo. Laza shina mgongo wake ukionekana juu ya udongo kama bata anayeelea, mizizi ikiwa chini. Ukilizika lote, litaoza au litakataa kuchanua. Acha sentimita 30 hadi 40 kati ya shina na shina. Mwagilia mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi, na maua ya kwanza yakiisha, kata shina la maua na uongeze mboji kidogo pembeni. Hapo ndipo unawalisha watoto watakaochanua mara ya pili.

Kwa Dietes ni rahisi zaidi. Panda mvua zinapoanza, zika mizizi yote, weka matandazo, basi. Mwaka wa kwanza usitegemee maua mengi.

Mpe mmea wowote kati ya hii miaka miwili kabla ya kuulaumu.

Tahadhari tatu

*Ni sumu.* Shina la airisi linafanana na tangawizi, lakini likiliwa huleta kutapika na kuhara, na maji yake huwasha ngozi. Usilihifadhi jikoni hata siku moja, lifungie mbali na watoto, na usipande mahali mbuzi au ng'ombe wanapopita. Mtu akila, apelekwe kituo cha afya pamoja na kipande cha alichokula.

*Linda viazi.* Kwa wakulima wa Njombe, Makete na Mbeya, viazi mviringo ni ada za shule na chakula cha mwaka. Udongo wa kiriba kutoka mbali unaweza kubeba mnyauko bakteria au minyoo ya mizizi. Panda maua mbele ya nyumba, mbali na shamba la viazi, na maji ya kusuuzia miche yasielekee shambani. Nawa jembe kabla ya kurudi nalo shambani.

*Usichimbe Kitulo.* Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake. Humo kuna ndugu kadhaa wa airisi na aina nyingi za okidi. Kabla ya hapo, viazi vya okidi vilichimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda, na maua yakawa yanapungua. Kung'oa mmea ndani ya hifadhi ni kosa la jinai. Ukitaka kuyaona, nenda msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, upige picha, uache mizizi ilipo.

Kwa ufupi

Ukiwa pwani, achana na airisi ya ndevu, chukua Dietes au Neomarica. Ukiwa kwenye baridi na huna muda wa kutunza, chukua Dietes. Ukiwa kwenye baridi, una tuta lenye jua na uko tayari kumwagilia, tafuta airisi ya ndevu inayochanua tena, kutoka kwa mtu wa wilaya yako aliyeiona ikifanya hivyo. Kwa kaburi la mzazi ambalo unalitembelea mara moja kwa mwaka, tunashauri Dietes bila kusita, kwa sababu anaweza kukusubiri bila kumwagiliwa.

Na popote utakapokwenda kununua, kumbuka mgomba. Ua unaloliona leo ni mkungu uliokwisha iva. Hesabu watoto.